Sufu kwenye Seng'enge

Hospitali ya Tacuarembó, mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio.
Ameingia na chupa ya maji moto kwapani
na kibuyu cha chai yao chungu.
Nikamwambia: weka pale kwenye kiti, don Eliseo,
humu ndani hatunywi.
Akacheka. Kucheka kukamchosha.

Wiki tano za homa.
Kwanza wakasema mafua, kisha mapafu, kisha uzee,
ilhali ana miaka hamsini na tatu
na msimu uliopita alinyoa kondoo mia na kumi kwa siku moja.
Jino aling'olewa bandani kwa koleo la seremala,
mmoja kamshika kichwa, mwingine kamshikia taa;
damu akaitemea majanini, akarudi kwenye makasi.
Hayo hakuna aliyeyaandika kwenye faili.
Ameniambia mimi, kwa sababu mkono wangu uko mbavuni mwake,
na mtu aliyeguswa husema.

Utotoni aliumwa koo, viungo vikavimba, akapona.
Akapona, walisema.
Mwenye kovu usidhani kapoa:
vali ilibaki na makunyanzi, mlango uliopinda fremu,
na vijidudu vya kinywani havikubisha hodi.

Lala ubavu wa kushoto. Mkono chini ya kichwa.
Hii ni baridi, samahani.
Nampaka jeli, nakandamiza kichwa cha mashine penye upenyo wa mbavu
na kutuma sauti asiyoisikia yeye, wala mimi;
hata mbwa wake kule machungani asingeinua sikio.
Inakwenda, inagonga, inarudi,
na inachorudi nacho ni kivuli cha ilichokigonga.

Vyumba vinne vya kijivu.
Vali ya mitrali, majani mawili,
yanafunguka, yanapigana kofi, yanafunguka.
Na pale, kwenye ncha ya jani la mbele,
kitu.

Kinanesa.
Jani likienda, chenyewe kinachelewa kidogo,
kama mtoto anayevutwa mkono sokoni.
Nasimamisha picha. Napima. Milimita kumi na nne.
Napima tena. Kumi na nne.
Mara ya tatu nimepima kwa huruma, ikatoka kumi na tatu,
nikaifuta.

Kazi hii ina sheria isiyobandikwa ukutani:
mpimaji hasemi, daktari ndiye msemaji.
Miaka kumi na tisa nimeufundisha uso wangu ukae kama sahani,
maana wao hawaangalii skrini, wananiangalia mimi.
Ila huyu anaangalia skrini,
kwa macho ya mtu aliyezoea kuhesabu mifugo kwa mbali.

Naweka rangi. Nyekundu inakuja, buluu inakwenda,
na mlango ukishafungwa damu bado inapita,
inarudi ilikotoka, madoadoa, imechafuka.

"Ile," anasema, kidole hewani,
chini ya ukucha vistari vyekundu kama vibanzi,
"ile ni sufu iliyonasa kwenye seng'enge."

Sijajibu.

"Upepo ukivuma sana," anasema, "hung'oka."

Hung'oka, don Eliseo. Husafiri na damu
hadi kwenye ubongo, au figo, au wengu,
popote njia inapokuwa nyembamba.
Hilo sikulitamka.
Siku nzima napiga mioyo ya watu picha;
wangu nikaupiga konde.

Nimempa taulo. Anajifuta kifua polepole,
kisha anaifuta na mashine, kwa adabu,
na kuuliza kama mwezi wa tisa atakuwa amesharudi kazini,
maana makasi yake amemwazima kijana asiyejua kunoa.

Nikasema daktari Larrañaga anakuja sasa hivi.
Nikasema maji yako yangali ya moto.
Nikatoka kwa mwendo wa kawaida, mpaka kwenye kona,
kisha nikakimbia.